Vitz, Demio na wenzao: kwa nini gari ndogo huyumba zikipita kilomita 100

Simu hulia saa mbili za asubuhi: fulani amefariki Malindi, maziko ni baada ya adhuhuri. Kabla ya saa tatu kuna gari nne tano zimeshatoka Mombasa kuelekea huko. Zamani familia ilikodi matatu moja ikaenda pamoja. Siku hizi karibu kila nyumba ina Vitz, Demio, Fit au Passo, na kila gari hubeba watu watano: mzee kakaa mbele, kina mama watatu nyuma, na buti limejaa mpaka mlango unafungwa kwa goti.

Nilikuwa ndani ya gari kama hiyo si zamani sana. Aliyeshika usukani ni mtoto wa ndugu yangu, kijana makini ambaye hata mirungi hajui ladha yake. Tulipoiacha Vipingo nyuma barabara ikafunguka, naye akaiachia gari ikafika 130. Lori likatupita kwa upande wa pili, upepo wake ukatupiga, na gari ikaanza kwenda kama samaki: kushoto, kulia, kushoto tena, kila mara zaidi ya mara ya kwanza.

"Ami, gari yataka kuniponyoka," akasema.

"Ondoa mguu pole pole, mwanangu. Breki usiiguse. Usukani ushike tu, usiupiganie."

Ikatulia ilipofika 90 hivi. Nyuma hakuna aliyesema kitu mpaka daraja la Kilifi. Tuliwahi kuswalia maiti, alhamdulillahi, lakini jioni niliinama chini ya gari ile na tochi ya simu, na niliyoyaona huko ndiyo yaliyonifanya niandike haya. Upepo wa tairi za nyuma ulikuwa 22 badala ya 33. Tairi moja ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka kumi ingawa meno yake yalionekana mazima. Na springi zote nne zilikuwa zimewekewa spesa za kuinua gari. Kijana alinunua gari hivyo hivyo kwa mtu na hakuambiwa lolote.

Mimi si mhandisi. Nina diploma yangu ya mambo ya magari na miaka kadhaa ya kupakaa girisi mikononi kabla sijaanza kuandika. Lakini jambo hili halihitaji uhandisi mkubwa, linahitaji kuelezwa kwa lugha yetu.

Dau na jahazi

Anayejua bahari ataelewa haraka. Dau fupi huzunguka upesi, unaligeuza mahali padogo, lakini kwenye mawimbi halitulii. Jahazi refu ni zito kugeuza, ila likishashika njia hushika. Gari ni hivyo hivyo, na kipimo chake ni umbali baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Vitz ya kwanza ya mwaka 1999 ilikuwa na milimita 2,370. Ya mwaka 2005 ikaongezwa hadi 2,460, na ile iliyotoka mwisho wa 2010 ina 2,510. Demio ya 2007 ina 2,490, na iliyofuata mwaka 2014 ina 2,570. Honda Fit ilianza na 2,450 ikapanda hadi 2,530 katika toleo la tatu. Ukiweka kando ya hizo Toyota Premio, yenye 2,700, utaona kwa nini mwenye Premio huendesha kwa mkono mmoja na wewe umeshika kwa miwili.

Ufupi huo ndio unaofanya Vitz iwe raha kwenye vichochoro vya Mji wa Kale, ambako hata kupishana na mkokoteni ni hesabu. Sishangai zimejaa mjini. Tatizo ni kwamba kitu kile kile kinachoigeuza gari upesi kwa kilomita 30 huigeuza upesi pia kwa 120, na kwa 120 mkono ukitikisika kidogo tu gari imeshabadilisha njia.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Gari ikisukumwa pembeni, tairi za nyuma ndizo zinazoirudisha katika mstari, kama manyoya ya mshale. Lakini nguvu ya kuutuliza ule mzunguko hupungua kadiri spidi inavyopanda. Kwa kilomita 60, gari ikiyumba hutulia mara moja. Kwa kilomita 120 gari ile ile, tairi zile zile, huyumba mara mbili tatu ndipo itulie. Dereva naye akishtuka na kuurudisha usukani kwa nguvu, huwa anaongeza mwendo wa mkia badala ya kuutuliza, kwa sababu mkono wake unachelewa nusu sekunde nyuma ya gari. Ndiyo maana nilimwambia yule kijana asiupiganie usukani.

Upepo hauongezeki kwa hesabu ya kawaida

Ukitoka 60 ukaenda 120 umeongeza spidi mara mbili, lakini nguvu ya upepo juu ya bodi imeongezeka mara nne. Ukitoka 100 ukafika 130, upepo umeongezeka kwa karibu asilimia 70. Upepo huo hauzuii gari tu. Umbo la gari hizi, lenye bonde fupi mbele, paa lililopinda na mgongo uliokatwa ghafla, hufanya hewa ipite mbio juu ya paa na kuinyanyua gari kidogo. Haipai, lakini tairi zinabonyeza lami kwa uzito mdogo kuliko zilivyobonyeza ikiwa imesimama. Gari yenye kilo 1,500 haijali sana. Gari nyingi za aina hii zina kilo baina ya 900 na 1,100, kwa hiyo kila kilo inayopotea huhisiwa.

Wajerumani walilijua hili kwa uchungu. Audi TT ilipotoka mwishoni mwa miaka ya 90 ilikuwa ndogo na maridadi, mgongo wake umeviringika. Kukatokea ajali za spidi kubwa kwenye barabara zao kuu, na kampuni ikaziita gari zile zirudi, ikazitia bawa dogo nyuma na mfumo wa kompyuta wa kuituliza gari. Bawa lile halikuwa pambo. Lile la plastiki linalobandikwa kwa gundi gereji ili Demio ifanane na gari ya mashindano ni jambo jingine. Hakuna aliyelipima, na sikushauri ulitegemee.

Kisha kuna upepo wa pembeni. Mwenye kuendesha barabara ya Nairobi anajua baada ya Samburu na Taru nchi huwa wazi, hakuna mti wala nyumba, na msimu wa kusi upepo hukata barabara moja kwa moja. Madaraja ya Kilifi na Dongo Kundu yana hali hiyo hiyo kwa sababu yako juu ya maji. Upepo wa pembeni hupiga zaidi sehemu ya mbele ya bodi kuliko ya nyuma, kwa hiyo huisukuma pua. Gari fupi nyepesi yenye ubavu mrefu kama Passo au Fit hupata tabu zaidi ya Premio iliyolala chini.

Lori ndilo baya kuliko yote. Ukilifuata nyuma umejificha ndani ya kivuli chake, hakuna upepo. Ukitoka kulipita, ubavuni mwake kuna hewa inayokuvuta kuelekea kwake, nawe bila kujua unakata usukani kulia kidogo ili usilikaribie. Halafu unafika kwenye kichwa cha lori, na hapo hewa inayosukumwa na uso wake hukupiga ikikutupa mbali nalo, na mkono wako bado umekata kulia. Hatua mbili hizo hutokea ndani ya sekunde moja au mbili. Dawa ni kuacha nafasi pana ubavuni, kushika usukani kwa mikono miwili, na kutarajia msukumo kabla haujaja. Linalokuja mbele kwa kilomita 80 nawe uko 120, mnapishana kwa mwendo wa kilomita 200 kwa saa. Kofi hilo la upepo ndilo lililotupata Vipingo.

Chini ya sakafu

Karibu gari hizi zote ndogo zimejengwa kwa mpango mmoja. Mbele kila tairi ina mguu wake wenye springi na shokabsoba ndani. Nyuma kuna boriti moja ya chuma inayounganisha tairi mbili na kujipinda kidogo kila upande ukipanda au kushuka. Mpango huu ni wa bei nafuu, mwepesi, haumalizi nafasi ya buti, na ukitunzwa hauna ubaya. Vitz, Demio, Fit, Swift na Passo za kuendeshwa kwa tairi za mbele zote zinao. Volkswagen Golf ya toleo la tano, la mwaka 2003, ilitiwa mikono kadhaa ya kujitegemea kwa kila tairi ya nyuma, na mtu akiingia Golf baada ya Vitz husema imeshika chini. Sehemu ya hisia hiyo ni uzito, sehemu ni mikono ile.

Boriti ya nyuma hushikwa na bushi mbili kubwa za mpira. Zikichoka, boriti nzima huhama kidogo kushoto au kulia gari inapokata kona au kupigwa na upepo, na tairi za nyuma zikawa kama zinajiongoza zenyewe. Dereva huhisi mkia unafuata kwa kuchelewa. Mafundi wengi hubadilisha tairodi na boljointi za mbele, na bushi za nyuma hawaziangalii kabisa kwa sababu hazipigi kelele. Ukiambiwa mbele kuzima na gari bado inaogelea, angalia nyuma.

Na boriti yenyewe ikipinda, kwa shimo au kwa kupanda ukingo wa barabara, alaimenti ya nyuma kwa gari nyingi za aina hii hairekebishwi kwa kukaza nati. Fundi mkweli atakuambia hivyo. Asiye mkweli atarekebisha mbele mpaka usukani ukae sawa, na gari itakwenda Nairobi ikitembea upande kama kaa.

Shokabsoba zina mtihani rahisi wa kuanzia. Bonyeza pembe ya gari kwa nguvu uachie. Inatakiwa ipande, itulie. Ikicheza mara mbili tatu, shoki imekufa. Lakini shoki inaweza kufaulu mtihani huo na bado ikashindwa barabarani, kwa hiyo kama gari inaruka ruka baada ya tuta au inaelea kwenye lami yenye mawimbi, iamini barabara kuliko mtihani. Usukani ukitetemeka baina ya 90 na 110 kisha ukanyamaza, hiyo ni balansi ya tairi. Ukivuta upande mmoja, anza na upepo wa tairi, kisha alaimenti, kisha uangalie kama breki ya upande mmoja inashika.

Spesa

Hapa ndipo nitakapogombana na watu. Tangu matuta yaanze kujengwa kila mita mia, kila gereji ya mtaa ina spesa, zile pete za mpira au aluminiamu zinazotiwa juu ya springi ili gari inyanyuke. Ninaelewa sababu. Vitz ikiwa na watu watano hukwaruza tumbo kila tuta la Mtwapa. Lakini anayetia hamwelezi mwenye gari alichokibadilisha.

Chukua mfano wa hesabu. Gari yenye upana wa milimita 1,470 baina ya tairi, na kitovu cha uzito kilicho milimita 540 juu ya ardhi. Nusu ya upana ugawe kwa kimo: 735 kwa 540 ni 1.36. Namba hiyo ikiwa kubwa gari ni ngumu kupinduka, ikiwa ndogo ni rahisi. Tia spesa za milimita 40, kimo kiwe 580, na namba inashuka hadi 1.27. Sasa tia watu watano, ambao vifua vyao viko juu ya kitovu hicho, na mabegi juu ya paa. Hujabadilisha gari moja, umebadilisha gari mbili tatu kwa pamoja.

Zaidi ya hayo, gari ikiinuliwa mikono ya mbele hukaa kwa pembe ambayo haikupangwa. Tairi hubadilisha mwelekeo, eksiodi huzunguka kwa pembe kali zikaliwa mapema, na usukani hupoteza ule uzito mdogo wa katikati unaokuambia tairi zimenyooka. Usukani wa umeme wa gari hizi tayari ni mwepesi mno, hausemi mengi. Ukiupotezea na hayo machache, dereva anaongoza kwa macho tu.

Ikiwa lazima uinue, inua kidogo, tairi za ukubwa ulioandikwa, kisha alaimenti siku hiyo hiyo. Na ujue kwamba umejinunulia gari ya mjini, si ya 120. Waliotia spesa za milimita 50 na rimu pana zilizotoka nje ya bodi sina la kuwaambia.

Swala wa Sweden, punda wa kwetu

Mwezi wa Oktoba 1997 jarida moja la magari la Sweden, Teknikens Värld, lilichukua Mercedes A-Class mpya, gari ndogo fupi iliyosimama juu, likaifanyia mtihani wa kukwepa mnyama. Dereva hukata usukani ghafla upande mmoja na kurudi katika njia yake bila breki. Huko kwao mnyama ni swala mkubwa wa msituni anayeruka barabarani. Gari ikapinduka, kwa spidi ya takriban kilomita 60 tu. Mercedes mwanzo walibisha, kisha wakasimamisha kuuza, wakabadilisha sasipensheni na kutia mfumo wa ESP katika kila A-Class.

Sisi hatuna swala yule. Tuna punda, mbuzi, ng'ombe wa jioni kule Samburu, na ndovu karibu na Voi. Kukwepa ni kule kule: kata, rudi. Gari hupinduka mara nyingi pale pa kurudi, si pa kukata, kwa sababu bodi imelala upande mmoja na unaiangusha upande wa pili wakati springi nazo zinairusha.

Mfumo ule wa Mercedes ndio leo unaitwa VSC kwa Toyota, DSC kwa Mazda, VSA kwa Honda, VDC kwa Nissan, na ESP kwa Suzuki na Volkswagen. Jina tofauti, kazi moja: kompyuta inaona gari inazunguka kuliko usukani unavyotaka, inafunga breki ya tairi moja peke yake na kupunguza injini. Si sawa na ABS, ambayo huzuia tairi zisigande ukikanyaga breki. Ulaya ilikamilisha kuulazimisha kwa gari zote mpya mwaka 2014, na Japani ilianza kuulazimisha kwa modeli mpya mwaka 2012. Kwa vile sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka minane, gari ndogo zinazoshuka bandarini sasa huja nao. Vitz na Demio za 2006 au 2008 zilizojaa mitaani, nyingi hazina.

Kujua ni rahisi. Washa swichi bila kuwasha injini, tazama dashibodi. Taa yenye picha ya gari na mistari miwili iliyopinda nyuma yake ikiwaka kisha ikazimika, mfumo upo na uko mzima. Ikibaki imewaka, umekufa, na mara nyingi ni sensa ya tairi. Isipotokea kabisa, ama haupo au mtu ameitoa balbu. Ukinunua gari kwa mtu, hili litazame kabla ya kutazama redio.

Tairi

Kila nililolitaja hapo juu huishia kwenye vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikigusa lami kwa eneo la kiganja. Bei ya tairi nne za mtumba humvutia mtu, na wengine hujitetea kwamba meno bado ni marefu. Meno si umri. Ubavuni mwa tairi kuna namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 3217 maana yake ni wiki ya 32 ya mwaka 2017. Mpira hukauka hata ukilala kwenye duka, na jua letu na chumvi ya bahari haviusaidii. Tairi iliyokauka hupasuka kwenye ukuta, na hupasuka siku gari imejaa, lami ina moto na spidi ni kubwa, yaani siku ile ile ya safari ya msiba.

Upepo wake umeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Kwa gari hizi mara nyingi ni baina ya 30 na 36, na baadhi huandika namba ya juu zaidi kwa gari iliyojaa. Wengi wa wanaojaza upepo barabarani watakutilia 28 kwa sababu ndiyo mazoea. Tairi laini ubavuni huifanya gari ielee kwenye kila mchepuko wa usukani. Kwenye mvua ni mbaya zaidi. Kuna kanuni ya zamani iliyotokana na majaribio ya NASA juu ya tairi za ndege, kwamba spidi ambayo tairi huanza kupanda juu ya maji hutegemea upepo wake. Kwa upepo wa 32 hesabu hiyo hutoa takriban kilomita 94 kwa saa. Kwa 24 inatoa 82. Meno mazuri hukusaidia kuliko hesabu hiyo inavyoonyesha, lakini katika masika, maji yakisimama kwenye mikondo iliyochimbwa na malori, Vitz yenye tairi kipara na upepo mdogo inaweza kupoteza usukani kabla hata haijafika 80.

Ukiwa na tairi mbili mpya na mbili nzee, mpya ziende nyuma. Watu hubisha sana hapa, husema mbele ndiko kwenye usukani na injini. Ni kweli, lakini tairi za mbele zikiteleza gari huenda moja kwa moja na dereva huhisi, akapunguza. Za nyuma zikiteleza gari huzunguka, na dereva wa kawaida hana muda wa kulirekebisha hilo.

Watu watano

Watu watano wa kilo 70 ni kilo 350. Ongeza mabegi na sufuria, umefika 400. Juu ya gari ya kilo 1,000 hiyo ni karibu nusu ya uzito wake. Tena uzito huo mwingi unakaa nyuma, gari inachuchumaa, pua inapanda, na tairi za mbele zinapungukiwa. Usukani unakuwa mwepesi zaidi, taa zinaangaza miti. Gari uliyoizoea ukiwa peke yako kwenda kazini si hii.

Breki nazo. Kwa 80, kwenye lami kavu na tairi nzuri, unahitaji mita 36 hivi kusimama baada ya kukanyaga, na kabla ya hapo umekwenda mita 22 ukiwaza, kama umewaza kwa sekunde moja tu. Jumla 58. Kwa 100 jumla ni 84. Kwa 120 ni mita 114, urefu wa uwanja wa mpira na zaidi. Na kona: ukiingia kwa kasi kisha ukashtuka ukaondoa mguu ghafla, uzito huruka mbele, mkia unakuwa mwepesi na unatoka. Punguza kabla ya kona, uipite kwa mguu uliotulia.

Ukingo wa lami umekula gari nyingi kuliko kona. Tairi za kushoto zikishuka kwenye mchanga, jambo la kawaida kutoka Matsangoni mpaka Gede unapobanwa na basi, usizirudishe kwa kukata. Tairi hugonga ule ukingo, haipandi, unaongeza usukani, kisha inapanda ghafla na kukurusha upande wa gari zinazokuja. Iache gari itembee nusu lami nusu mchanga, ondoa mguu, ikifika 40 panda kwa upole.

Spidi halali ya gari ya binafsi ni 100 kwenye barabara isiyogawanywa na 50 penye makao ya watu. Ukiniuliza mimi, gari ndogo yenye watu watano ina raha yake kwa 80 hadi 90. Hesabu Mombasa hadi Malindi, kilomita kama 120: hata kama ungeweza kwenda 120 njia nzima, ungewahi kwa dakika 20 tu mbele ya anayekwenda 90, na matuta na malori hukunyang'anya karibu zote. Maiti haharakishwi kwa dakika hizo. Aliye mbali apige simu, waliopo wasubiri kidogo au wazike, naye akifika ataswalia kaburini.

Mtoto wa ndugu yangu ametoa spesa za nyuma, akabakisha nyembamba mbele, jambo ambalo sikulipenda lakini ni hatua. Bushi za boriti zilikuwa zimekwisha, tukatia mpya. Tairi amenunua mbili na kuzitia nyuma baada ya kubishana na mwuzaji robo saa. Juzi ameniuliza kwa nini upepo alioujaza 33 asubuhi ulionyesha 38 aliposimama kuswali Mackinnon Road, na kama angeutoa. Usiutoe. Tairi ikipata moto hewa hutanuka, na ile 33 ya kibandiko ni ya tairi baridi. Ukiutoa pale, asubuhi utaikuta 28.